Uzi: Ziara za kuonja vyakula kwenye mji mgeni. Hesabu dakika, hesabu gramu, ndipo ulipe

Kijiko_Kidogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, maswali kuhusu ziara za kuonja vyakula yametawanyika kila kona, bora tuyakusanye hapa. Nazungumzia zile ambazo kikundi kinapita kwa miguu na mwongozaji: mnaingia duka hili, mgahawa ule, kibanda kile sokoni, kila mahali mnaonja kidogo na kusikia habari za mnachokula. Wajuzi mkosoe mtakapoona nimeteleza.

Tuanze na unacholipia, maana hapo ndipo wengi wanakosea hesabu. Chakula chenyewe ungeweza kukinunua peke yako, pengine kwa bei nafuu. Unacholipia ni mpangilio. Kuna mtu anajua jiko lipi linatoa kitu kikiwa bado cha moto saa ngapi, ameshaelewana na mwenye duka ili msikae foleni, na amepunguza sahani ili uonje vitu sita badala ya kushiba kimoja. Ndiyo maana ziara inaweza kuwa na chakula kizuri na bado ikawa mbovu.

Tangazo lipime kwa hesabu. Chukua ziara ya saa 3, vituo 7, umbali wa kilomita 2.5. Kikundi hakitembei kama mtu mmoja: kuna taa za barabarani, wapiga picha, mtu anayefunga kamba ya kiatu. Mwendo wake ni kama kilomita 3 kwa saa, kwa hiyo dakika 50 zinaishia njiani. Zinabaki 130, gawanya kwa 7, unapata kama dakika 18 kwa kituo. Toa dakika 5 za kuingia, kukaa na kuhudumiwa. Dakika 13 za kula na kusikiliza zinatosha. Sasa weka vituo 10 kwa muda uleule: unabaki na dakika 8, na hapo utatafuna ukiwa umesimama huku mwongozaji ameshashika mlango. Tangazo linalojisifia wingi wa vituo bila kuongeza saa, lipite.

Hesabu ya pili ni ya gramu. Tumbo la mtu mzima linajaa bila taabu kwa lita 1 hadi 1.5 hivi. Vituo 6 vya gramu 90 ni gramu 540. Ongeza vinywaji vinne vya mililita 100, unakaribia lita nzima. Huo ni mlo kamili. Ukiambiwa vituo 6 na kila kimoja ni "sahani nzima", ama wanazidisha chumvi, ama utaacha nusu. Upande wa pili, ukisikia "vionjo 12", uliza kionjo ni nini. Kuna wanaohesabu zeituni moja kuwa kionjo na kipande cha mkate wa kuichovyea mafuta kuwa kionjo kingine.

Kabla ya kulipa, tuma ujumbe mfupi wenye maswali haya:

- Kikundi kikijaa ni watu wangapi? (8 hadi 12 ni sawa. Zaidi ya 15, wa nyuma hawasikii na wa mwisho wanakula kilichopoa.)
- Vituo vingapi mnakaa, na vingapi mnasimama?
- Maji ya kunywa yamo kwenye bei? Vinywaji vingine je?
- Kituo kikifungwa ghafla, mbadala ni nini?
- Choo kipo kituo cha ngapi?
- Mwisho wa kubadilisha taarifa za mzio au miiko ya chakula ni lini?

Majibu yenyewe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni jinsi yanavyokuja. Anayejibu "usijali, kila kitu kipo" hajakujibu.

Mshika_Kibendera

Uzi mzuri mkuu. Ngoja niongezee upande wa nyuma ya pazia, ujue unaangalia nini mkiwa njiani.

Mwongozaji anayeijua kazi hupiga simu au kutuma ujumbe kituo kinachofuata dakika kama 10 kabla hamjafika, ili jiko lianze kupakua. Hilo halionekani, lakini matokeo yake yanaonekana: mnaketi, na ndani ya dakika 3 chakula kiko mezani kinafuka moshi. Mkikuta sahani zimeshapangwa na zimepoa, ama mmechelewa, ama duka limeamua kurahisisha kazi. Mkikaa dakika 12 bila kitu, hakupiga simu.

Mwangalie pia anaongelea wapi. Aliyezoea hasimulii barabarani kwenye kelele, wala hasimulii wakati chakula kimeshatua. Anasimulia dakika zile mnazosubiri, kisha ananyamaza mle. Anayehutubia juu ya supu inayopoa hajui anachouza.

Kuhusu kamisheni: si siri kwamba baadhi ya maduka humpa mwongozaji cha juu kwa kila mteja anayenunua. Peke yake si kosa. Shida ni pale inapoamua njia. Dalili yake ni kituo kisicho na kionjo chochote cha maana lakini mnakaa dakika 30, huku muuzaji anafungasha zawadi. Kituo cha namna hiyo kikiwa kimoja, tena mwishoni, vumilia. Viwili katikati ya ziara, umeuziwa matembezi ya madukani.

Na kubuku je? Majukwaa makubwa ya mtandaoni hukata kampuni ya ziara sehemu kubwa ya bei, kwa kawaida asilimia 20 hadi 30. Ukiwasiliana na kampuni moja kwa moja unaweza kupata bei pungufu au kikundi kidogo. Ila jukwaa lina faida yake: mengi huruhusu kughairi hadi saa 24 kabla na kurudishiwa hela yote. Kama ndege yako inaweza kuchelewa, lipa hicho cha ziada ulale usingizi.

Jambo la mwisho ni maneno ya kuvutia. Ukiona tangazo linataja nyota za Michelin, kile kitabu cha kupanga migahawa kwa ubora, jua kwamba nyota hizo hupewa mgahawa kwa chakula chake, hazipewi ziara. Na ile alama nyingine ya Michelin, Bib Gourmand, iliyoanza 1997, si nyota. Ni ya chakula kizuri kwa bei ya wastani, na kwa ziara za miguu pengine ndiyo inayofaa zaidi. Uliza jina la mgahawa, kisha kalitafute mwenyewe kwenye orodha.

Tumbo_Halina_Akiba

Swali: mtu ashinde njaa siku hiyo ili apate nafasi?

Ulimi_Mkali

Hapana mkuu, na hilo ndilo kosa namba moja. Mwenye njaa kali anakula haraka, na taarifa ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kichwani. Anamaliza kituo cha kwanza na mkate wote wa pembeni, anaomba cha jirani, na kituo cha tatu anaanza kulegeza mkanda. Kama ziara inaanza saa 5 asubuhi, kula kitu chepesi saa 1 au 2: yai, tunda, mtindi. Epuka vya kukaanga, kwa sababu mafuta yanachelewesha tumbo kujimwaga.

Asubuhi hiyo piga mswaki angalau saa moja kabla. Dawa nyingi za meno zina kemikali ya kutoa povu ambayo kwa muda hupunguza ladha ya utamu na kuzidisha uchungu. Pipi za mnanaa zina tabu yake pia. Manukato makali acha hotelini, maana sehemu kubwa ya kinachoitwa ladha ni harufu. Ukitaka kuthibitisha, bana pua, tafuna kitu chenye viungo, halafu achia pua ukiwa bado unatafuna. Kabla ya kuachia utasikia chumvi, utamu, uchachu, basi. Ukiachia, viungo vyote vinaingia kwa mkupuo. Kwa sababu hiyo, ukiwa na mafua hamisha tarehe kama sera ya kughairi inaruhusu.

Sasa mpangilio wa vituo, ambao unaweza kuukagua kwenye ratiba kabla ya kulipa. Njia iliyopangwa vizuri inatoka kwenye vyepesi kwenda vizito, visivyo na pilipili kwenda vyenye pilipili, na vitamu vinakuja mwisho. Ukianza na kitamu, chochote kichachu kinachofuata kitauma ulimi, na divai kavu itaonekana kama siki. Ukianza na pilipili, ulimi umeungua na vituo viwili vinavyofuata umevipoteza. Ikitokea hivyo maji hayasaidii, maana kinachowasha kwenye pilipili kinayeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Kunywa maziwa au kula mtindi.

Wapangaji hodari wanatumia kitu kingine pia. Hamu ya chakula ulichokula sasa hivi inashuka haraka, lakini hamu ya chakula cha aina tofauti inabaki. Unasema umeshiba nyama, inaletwa barafu tamu ya matunda, unakuta nafasi ipo. Kwa hiyo ratiba yenye vituo vitatu mfululizo vya jibini na soseji itawachosha watu hata kama gramu ni chache. Tafuta ratiba inayobadilisha: kikavu, chenye mchuzi, cha baridi, cha moto.

Na usione aibu kuacha. Kwenye kila kituo kula matonge mawili kwa makini, kisha amua kama cha tatu kina kipya. Mkate, wali na viazi vya pembeni viguse tu. Ni vijazio, na vikiwa vingi kwenye vituo viwili vya mwanzo, mara nyingi kuna mtu anabana gharama.

Daftari_la_Mzio

Kuhusu mzio niandike kirefu kidogo, kwa sababu hapa kosa dogo linapeleka mtu hospitali.

Kwanza, sheria hazilingani. Kwenye Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Desemba 2014, inataka hata mgahawa utoe taarifa za vizio 14, yaani vitu vinavyoleta mzio. Marekani orodha kuu ina vizio 9, cha mwisho kikiwa ufuta ulioongezwa kuanzia 2023, na sheria hiyo ya lebo inahusu vyakula vilivyofungashwa, si sahani ya mgahawani. Haradali, selari na jamii ya chaza na pweza vimo kwenye orodha ya Ulaya, kwenye ile ya Marekani havimo. Kwa hiyo usiseme "nina mzio, angalieni orodha". Taja kitu chenyewe.

Andika kadi kwa lugha ya mji unaokwenda, umpe mtu anayeijua aihakiki, uchapishe nakala tatu. Maneno yawe mafupi: siwezi kula kitu hiki, wala mafuta yaliyokikaangia, wala mchuzi wenye unga wake. Kidogo tu kinaweza kuniua. Sentensi ya mwisho ni ya lazima. Bila hiyo mhudumu anaweza kudhani hupendi tu.

Hatari kubwa kwenye ziara si sahani inayotajwa kwa jina. Ni mafuta ya kukaangia yanayotumika kwa kila kitu, kisu kimoja kinachokata vyote, koleo moja, na ile sahani ya pamoja ambayo kila mtu anachovya. Omba sehemu yako itengwe jikoni, isitolewe kwenye sinia la wote. Kupika hakuondoi mzio wa karanga. Na dawa ya kusafisha mikono yenye spiriti haiondoi mabaki ya karanga vidoleni, inabidi sabuni na maji, au vitambaa vyenye unyevu.

Anayetumia sindano ya adrenalini ya kujidunga abebe mbili, mwilini mwake, si kwenye begi lililobaki hotelini au ndani ya gari juani. Joto likizidi nyuzi 25 kwa muda mrefu dawa inaharibika. Kabla hamjaondoka, mwonyeshe mwongozaji zilipo. Hatua zenyewe: dunga upande wa nje wa paja, hata juu ya nguo, piga namba ya dharura ya nchi hiyo (ihifadhi mapema), mlaze mtu miguu juu, au akae kama anashindwa kupumua, na asisimamishwe atembee. Kama hakuna nafuu baada ya dakika 5 hadi 15, ya pili. Vidonge vya kutuliza muwasho havichukui nafasi ya sindano.

Wenye miiko ya dini au wasiokula nyama, mtego uko kwenye vitu visivyoonekana: gelatini kwenye vitamu, mafuta ya wanyama kwenye maandazi na maharage, mchuzi wa mifupa kwenye supu inayoitwa ya mboga, pombe kwenye sosi na keki, na kimeng'enyo cha tumbo la ndama kwenye jibini nyingi. Swali la "mna chakula cha mboga?" halitoshi. Uliza: supu imepikwa kwa maji au kwa mchuzi wa nini?

Na dawa. Anayetumia zile dawa za zamani za sonona zinazozuia kimeng'enyo cha MAO asiguse jibini zilizokomaa, soseji zilizokaushwa wala vya kuchachushwa, presha inaweza kupanda vibaya. Anayetumia insulini aulize muda kati ya vituo, kwa sababu vionjo vinakuja vidogovidogo, na dozi ya mlo mzima ukiichoma mwanzoni sukari itashuka barabarani. Mpango wa dozi aupange na daktari wake kabla ya safari, na abebe gramu 15 za sukari ya haraka. Wajawazito waachane na samaki mbichi na jibini laini za maziwa mabichi.

Mpanda_Basi

Kuna ushauri umezoeleka kwamba ziara ifanyike siku ya kwanza ili siku zilizobaki ujue pa kula. Mnakubali?

Mshika_Kibendera

Nusu nakubali. Mapema kwenye safari ndiyo, saa za kwanza baada ya kutua hapana. Ukitua kutoka mbali, mwili bado uko kwenye saa za kwenu na hamu inakuja wakati wa ajabu. Siku ya pili mchana ni bora: umelala, na bado zimebaki siku za kurudi ulipopapenda. Kagua pia siku ya wiki. Ziara ya soko iwe asubuhi, na uliza soko linafungwa siku gani, kwa sababu wengine wanaendelea kuuza tiketi siku hiyo na kukutembeza kati ya meza tupu.

Ulimi_Mkali

Mimi nakataa hilo la "mchana" kwa jumla. Mji wenye chakula chake kizuri usiku, kwa mfano vibanda vinavyowashwa jua likizama, ukienda mchana umepishana nacho. Angalia chakula cha mji huo kinaliwa saa ngapi na wenyeji, ndipo uchague.

Mshika_Kibendera

Hapo umenishinda. Sawa.

Kijiko_Kidogo

Kwa wanaokunywa: mililita 50 za divai ya asilimia 13 mara vituo vinne ni mililita 200, sawa na gramu 20 za pombe. Glasi ya kawaida ya mililita 150 ya asilimia 12 ina gramu 14 hivi. Kwa hiyo "kuonja tu" ni karibu glasi moja na nusu, na ini la mtu mzima linamaliza takriban gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa. Si nyingi kwa ziara ya saa 3, mradi hakuna wa kukuongezea. Kuomba chombo cha kutemea si ushamba, waonjaji wa kazi hutema.

Tumbo_Halina_Akiba

Na tumbo likivurugika? Watu wanalaumu kituo cha mwisho.

Daftari_la_Mzio

Mara nyingi wanakosea mshtakiwa. Sumu ya bakteria wa Staphylococcus inatapisha ndani ya saa 1 hadi 6. Kirusi cha norovirus huchukua saa 12 hadi 48. Bakteria wa Salmonella kuanzia saa 6 hadi siku 6. Ukiamka na tumbo asubuhi ya kesho, kinaweza kuwa kilichopo kwenye ziara au chakula cha ndege cha juzi.

Kujikinga kwenye kituo ni kutumia macho na mkono. Shirika la Afya Duniani linataka chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Hutembei na kipimajoto, lakini unaona: sinia la moto linafuka, chombo cha baridi kina barafu kweli na si maji yaliyokuwa barafu. Wali uliopoa nje uache hata ukipashwa, kwa kuwa sumu ya bakteria wa Bacillus cereus haiondoki kwa moto wa kupasha. Mkono wa anayeshika hela ndio huohuo unaoshika chakula? Pita.

Ukishaharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Kunywa kidogokidogo. Dawa za kufunga tumbo usimeze kama kuna damu au homa kali. Hapo ni hospitali.

Mpanda_Basi

Vya kubeba nyumbani je, na bakshishi?

Kijiko_Kidogo

Nunua kituo cha mwisho, si cha kwanza, la sivyo utabeba chupa kilomita mbili. Kama kitu kizuri kiko kituo cha kwanza, piga picha ya lebo na urudi kesho. Kwenye begi la mkononi, viwanja vingi bado vinashikilia kikomo cha mililita 100 kwa chombo cha kimiminika, na jibini laini, asali na sosi vinahesabiwa kama vimiminika. Jibini gumu liombe lifungwe kwa kuondolewa hewa. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya abiria haruhusiwi kuingiza huko, isipokuwa kutoka maeneo machache, hata ikiwa ni soseji moja. Nchi nyingine zinataka utamke kila chakula kwenye fomu. Tamka. Kinachotamkwa kikikataliwa unakipoteza, kisichotamkwa kinakupa faini.

Bakshishi inategemea nchi, uliza hotelini kabla. Beba noti ndogo za nchi hiyo, na mpe mwongozaji mwenyewe mkononi. Zile ziara zinazoitwa za bure zinaishi kwa bakshishi, na chakula mara nyingi unajilipia kila kituo, kwa hiyo piga hesabu yote kabla hujashangilia.

Tumbo_Halina_Akiba

Shukrani wakuu. La mwisho: mtu akichelewa dakika 15, ziara imempita?

Mshika_Kibendera

Kituo cha kwanza kimempita, ziara haijampita. Omba siku moja kabla namba ya mwongozaji, si ya ofisi, na orodha ya vituo viwili vya mwanzo vyenye anwani. Ukichelewa usikimbilie mahali pa kukutania, watakuwa wameshaondoka. Nenda moja kwa moja kituo cha pili, simama mlangoni, tuma ujumbe kwamba uko hapo na umevaa rangi gani. Na kama una mzio, mkumbushe tena ukifika, kwa sababu maelezo ya mwanzo yalitolewa bila wewe.